Barabara Iliyorudishwa Nyuma

Jambo la kwanza aliloliona Nyanchera halikuwa kivuli wala sauti. Zilikuwa namba. Alikuwa ameingia ndani ya gari alilonunua mumewe kutafuta kitambaa chake cha kichwa, na macho yake yakatua kwenye mita ya dashibodi, ile inayohesabu kilomita ambazo gari limetembea. Jana yake, Lewis alipoliingiza gari nyumbani kwa honi na tabasamu, mita ilisoma elfu nne na mia mbili. Nyanchera alikumbuka vizuri kwa sababu Lewis mwenyewe alimwonyesha kwa kidole. Sasa gari lilikuwa limekwenda Keroka na kurudi, na mita ilisoma elfu nne na mia moja.

Akafuta kioo kwa ncha ya leso. Akasoma tena. Namba zilikuwa zimerudi nyuma.

"Ni gari kuukuu," akajiambia. "Kitu kikizeeka huchanganyikiwa." Akachukua kitambaa chake, akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu anayemwachia mgonjwa alale.

Lingekuwa gari jingine, angemwita Lewis acheke naye. Lewis Ogoti alikuwa na garaji mjini Kisii, upande wa Daraja Mbili, na sifa yake ilikuwa moja: hakuwahi kuamini mita ya gari lolote. Watu wakitaka kununua gari walimletea kwanza alitazame. Hakuangalia namba hata kidogo. Aliinama akashika raba za pedali, akapapasa usukani, akakalia siti na kuinuka. "Mita husema anachotaka mwenye gari," alikuwa akisema. "Lakini mguu wa mtu haudanganyi. Ona raba ya klachi, imeisha kama soli ya mwinjilisti. Hiyo ni gari ya kilomita elfu nne?" Madalali wa magari walimchukia. Wanunuzi walimpenda.

Ndipo likaja hili. Jekundu, la michezo, milango miwili, siti mbili tu, boneti ndefu kama pua ya mamba. Lilitengenezwa Japani kabla Nyanchera hajazaliwa. Picha ya gari la aina hiyo hiyo ilikuwa bado ukutani katika chumba cha Duke, ikiwa imechanwa kwenye kalenda na kubandikwa kwa uji.

Duke alikuwa mtoto wao wa pekee. Figo zake zilikufa akiwa kidato cha nne, na kwa muda mrefu baba yake alimpeleka na kumrudisha, kumpeleka na kumrudisha, kutoka nyumbani kwao karibu na Masimba mpaka hospitali ya mjini, akasafishwe damu. Njiani walikuwa wakizungumza magari. "Nikipona, Tata," Duke alikuwa akisema, "tutatafuta moja kama ile, tuende nayo mpaka Nyamira tukale matoke, turudi." Tata ndivyo alivyomwita baba yake, kama watoto wa Kigusii wanavyoita, na mama yake alimwita Baba, kwa maana kwa Ekegusii baba ni mama. Wageni walikuwa wakicheka wakisikia kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota akimwambia Nyanchera, "Baba, niletee maji."

Alikufa. Lewis hakulia. Alisimama mazishini mkavu kama mti wa uzio, na wiki iliyofuata akarudi garaji.

Kisha dalali mmoja wa Kisumu, aliyeitwa Osewe, akamletea gari jekundu.

"Mzee Ogoti, hii gari haijatembea," Osewe alisema akipiga boneti kwa kiganja. "Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima. Aliifunika na shuka, akaifungia ndani. Kanisa tu, na siku moja moja. Maileji ni elfu nne tangu itoke kiwandani!"

Nyanchera alikuwepo. Alisubiri kicheko cha mumewe, kile kicheko cha puani kilichowafukuza madalali wengi. Hakikuja. Basi akainama yeye mwenyewe, kama alivyomwona Lewis akiinama miaka yote. Raba ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani uling'aa kama jiwe la kusagia wimbi. Na siti ya abiria ilikuwa na bonde dogo upande wa mlangoni, bonde la mtu mwembamba aliyeegemea hapo safari nyingi sana.

"Baba Duke," akamnong'oneza, "hebu ona pedali."

"Nimeona."

"Na bado unaamini?"

Lewis alimtazama kwa macho yaliyochoka. "Mama Duke, maisha yangu yote nimekagua. Mtoto wangu nilimkagua kila siku, hata maji aliyokunywa nilipima kwa kikombe. Ilisaidia nini? Niache niamini kitu kimoja bila kuinama kukiangalia."

Nyanchera akanyamaza. Baadaye alijuta kunyamaza kule. Lakini mke gani angemnyang'anya mume wake kitu cha kwanza kilichomfanya atabasamu tangu msiba?

*

Lewis akaanza kuliendesha kila alasiri. Alitoka garaji mapema, akapita njia ndefu, wakati mwingine mpaka mashamba ya chai ya Nyamira, akarudi mvua ikianza. Jumamosi, siku yao ya Sabato, waumini wenzao wakiwa kanisani, yeye alikuwa barabarani. Na alirudi akiwa na furaha. Alirudi akipiga mluzi.

Kila aliporudi, Nyanchera alichungulia mita. Elfu tatu na mia tisa. Elfu tatu na kidogo. Namba zilishuka kuliko safari zenyewe. Gari likienda Keroka, zilishuka kama lililokwenda Nakuru.

Kisha ikaja harufu. Alikuwa anafua nje, akasikia harufu ya dawa ya kusafishia vidonda ikichanganyika na harufu ya mafuta ya nazi, yale aliyompaka Duke miguuni ngozi yake ilipoanza kukauka. Aliacha maji yakimwagika. Akaifuata harufu ile mpaka kwenye gari. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa, na kioo cha upande wa abiria kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukungu mdogo wa mviringo, wa mtu anayepumua karibu na kioo. Ukawa unapanuka na kusinyaa, unapanuka na kusinyaa.

Alirudi nyuma hadi akagonga mgomba.

Siku iliyofuata, saa kumi alasiri, mvua ya mawe ilipokuwa ikigonga mabati kwa kelele za kuziba masikio, aliisikia sauti. Lewis alikuwa ameketi ndani ya gari uani, injini imezimwa, akitazama mvua. Na kutoka ndani ya gari sauti ya kijana, nyembamba, yenye mkwaruzo wa kikohozi, ikaita:

"Baba!"

Moyo wa Nyanchera ukaruka kama swala. Ndivyo alivyoitwa yeye, yeye peke yake duniani, na aliyemwita hivyo alikuwa amefukiwa nyuma ya nyumba. Alitoka mbio bila viatu, mawe ya barafu yakimpiga kichwani, akafungua mlango wa abiria huku akisema, "Niko hapa, mwanangu, niko hapa."

Siti ilikuwa tupu, na lile bonde lilikuwa na joto.

"Alikuwa ananiita mimi?" alimuuliza Lewis.

"Si wewe," Lewis akasema kwa upole, bila kugeuka. "Ananiita mimi."

Hapo, akiwa amelowa, Nyanchera akaelewa jambo lililomgandisha kuliko barafu ile. Duke hakuwahi kumwita Lewis Baba. Hata siku moja. Alimwita Tata mpaka pumzi ya mwisho. Kitu kilichokuwa ndani ya gari kilikuwa na koo la mwanawe, na kikohozi cha mwanawe, na harufu ya ngozi ya mwanawe, lakini neno lile kilikuwa kimelijifunza kwa mtoto mwingine.

*

Angelivumilia hilo. Lililomshinda lilikuwa lingine.

Jumapili moja aliandaa chakula, na Lewis akaja mezani akatazama sahani, akasimama, akaenda kabatini akaleta ya tatu. Akaiweka mbele ya kiti cha Duke. Akaipangusa kwa mkono wa shati.

"Hii ni ya nani?" Nyanchera akauliza.

"Ya kijana. Hajarudi kutoka shule?"

"Shule gani, Baba Duke?"

Lewis akacheka. "Wewe nawe! Ana mtihani mwaka huu. Nilimwambia asicheze mpira mpaka giza, hanisikii. Anasema miguu inamvimba. Ni hizo viatu."

Nyanchera akakaa chini polepole. Miguu kuvimba ndiko kulikokuwa mwanzo wa yote, kabla ya daktari, kabla ya mirija na mashine. Mumewe alikuwa amerudi huko. Alipomtazama vizuri aliona kwamba mikunjo ya kipaji chake imelainika, na kwamba macho yake ni maangavu kama ya mtu aliyelala vizuri. Hakujua mazishi. Hakujua ugonjwa. Mita ilikuwa imeshuka chini ya elfu mbili, na kila kilomita iliyofutika pale kwenye dashibodi ilikuwa imefutika kichwani mwake pia, na wakati yeye Nyanchera amekaa mbele ya sahani tatu akiogopa kupumua, nje uani, chini ya jua kali, gari ambalo hakuna mtu aliyeligusa lilitingishika kidogo upande wa abiria, kama linavyotingishika gari mtu anapobadilisha makao kwa kuchoka kusubiri.

Alimtafuta Osewe kwa simu mpaka akampata. Dalali alizunguka maneno, kisha akachoka.

"Mama, mimi sikurudisha mita nyuma. Naapa. Niliikuta ikiwa sifuri. Sifuri kabisa! Nani atanunua gari ya miaka hamsini yenye sifuri? Niliisogeza mbele, ndiyo ikubalike."

"Mwenye gari ni nani?"

"Anaitwa Oyoo. Uliza mkewe, Benter. Anauza samaki soko la Oyugis."

*

Benter alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake ikinuka omena. Aliposikia gari jekundu likitajwa, aliinuka, akamwachia jirani meza yake, akampeleka Nyanchera nyumbani bila neno.

Chini ya upenu alikuwa ameketi mzee mwenye mvi, akimenya karanga. Aliwaangalia wakiingia kwa haya, akajificha uso nyuma ya kiganja.

"Huyo ndiye Oyoo," Benter akasema. "Bwanangu. Salimia mgeni, Oyoo."

"Mama ameenda wapi?" mzee akauliza. "Alisema nikimaliza karanga atarudi."

"Atarudi," Benter akamjibu, na akamwingiza Nyanchera ndani kabla hajaonekana akifuta machozi.

Alisimulia kwa sauti ya chini, jicho lake likiwa mlangoni. Walikuwa na binti, Pam, aliyezaliwa na moyo wenye tundu. Oyoo alimzungusha kliniki zote kwa gari lile, Kisumu, Eldoret, Nairobi, miaka mingi, mpaka mita ikamaliza namba zake na kuanza upya. Pam alifia njiani, ameegemea mlango wa siti ya abiria. Baada ya kuzika, Oyoo akasafiri mpaka Pwani, akamtafuta mtu anayefuga majini. Huyo mtu akamwambia: rudisha barabara, na mtoto atarudi.

"Aliirudisha?"

"Yeye aligeuza kidogo tu kwa mkono wake. Baadaye ikawa inarudi yenyewe. Tukaanza kusikia Pam akimwita. Baba, Baba. Mimi pia nilifurahi, dada. Sitakudanganya. Nilikuwa nakaa hapo dirishani ninasikiliza mtoto wangu akicheka." Benter alimeza mate. "Alivyokuwa anarudi nyuma, bwanangu alisahau kifo, akasahau ugonjwa, akasahau mtoto mwenyewe kama alizaliwa. Kisha akanisahau mimi. Siku mita ilifika sifuri, aliniuliza mimi ni binti ya nani."

"Na Pam?"

"Pam hakurudi. Hakuwa Pam."

Nyanchera alipotoka, mzee Oyoo alimnyoshea kiganja kilichojaa karanga zilizomenywa. "Mpe mama," akamwambia.

*

Huko Kenyenya aliishi bikizee mmoja, Nyasani, mama wa maombi ambaye hata Wakatoliki waliokuwa hawaingii kanisa lake walimwendea kimyakimya nyumba zao zikivamiwa na ebirecha, kama wanavyoitwa pepo huko. Nyanchera alikwenda kwake moja kwa moja. Nyasani alimsikiliza mpaka mwisho, akachambua mboga ya chinsaga huku akitikisa kichwa.

"Hilo jini ninalijua," akasema. "Haliogopi maji ya baraka wala mafuta. Usimlete mchungaji alipigie kelele, litacheka. Lenyewe halikuingia kwa nguvu. Linakula barabara ambayo mwenyewe ameikataa. Bwanako alitembea njia ngumu, akakataa kwamba aliitembea. Jini likasema, basi nipe mimi."

"Nifanye nini, Mama?"

"Mrudishie njia yake. Yote. Mkiwa ndani, gari likitembea, umwambie kila safari, mpaka mwisho. Usiruke kitu, na usitie sukari."

"Si uje nawe useme? Wewe una maneno."

"Gari ina viti viwili, mwanangu. Na kinywa changu hakikumzaa yule mtoto." Akamshika kidevu. "Litakulilia kwa sauti ya mwanao. Hiyo ndiyo kazi. Si kufukuza, ni kusema huku linakulilia."

*

Alifika nyumbani akamkuta Lewis amesimama kando ya gari na ufunguo mkononi. Mita ilikuwa na mamia machache. Lewis alimtazama mkewe kwa adabu, kama msichana wa jirani aliyewahi kumpenda.

"Unaenda upande wa Kisii?" akamuuliza. "Naweza kukubeba."

Nyanchera aliingia. Alipokalia lile bonde, alihisi kitu kikisogea kumpisha, kikapita mgongoni mwake, kikakaa nyuma ambako hapakuwa na siti.

Waliteremka kuelekea Keroka, njia ya kwenda Kisii. Mawingu yalikuwa mazito juu ya chai. Mita ilikuwa inazunguka nyuma kwa haraka, tiki tiki tiki, kama mdudu ndani ya mbao.

"Baba Duke," akaanza, "tuliwahi kupita barabara hii na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wetu. Anaitwa Duke. Ulimpa jina wewe. Mara ya kwanza miguu yake ilikuwa imevimba. Tulidhani ni viatu."

Tiki tiki ikapungua mwendo. Lewis akakunja uso kama anayesikia kitu kwa mbali. Nyanchera akaendelea. Akamwambia daktari wa kwanza aliyesema ni minyoo, na wa pili aliyeomba wakae chini kabla hajasema. Akamwambia kona ile pale, ambapo Duke alitapika nje ya dirisha akasema samahani Tata, nimechafua gari. Akamwambia kibanda kile cha miwa, siku ambayo daktari alikuwa amekataza miwa, lakini Lewis akampa kipande anyonye, kisha akalia usiku kucha kwa hofu kuwa amemuua. Mita ikasimama. Ikasita. Namba ya mwisho ikapanda moja.

Ndipo nyuma ya shingo yake ikapita pumzi ya baridi.

"Baba," ikasema. "Usiseme."

Safari hii haikuwa inamwita Lewis. Ilikuwa imejifunza. Ilikuwa inamwita yeye, kwa jina lake halisi, kwa mvuto ule ule wa herufi ya mwisho ambao Duke alikuwa nao alipotaka kubembelezwa.

"Baba, nilikuwa nimeanza kurudi. Bado kidogo tu. Baba, mbona hunitaki?"

Nyanchera alilia kwa sauti, lakini hakunyamaza, alisema huku analia, akasema juu ya mashine na sindano, juu ya jirani wa kitanda aliyekufa na Duke akaomba shuka lake livutwe ili asione, na mkono ukamshika bega, mkono mwembamba wenye kovu la sindano kwenye kiwiko, mkono aliokuwa ameuosha mwenyewe mara ya mwisho kabla ya jeneza kufungwa, ukamfinya, ukambembeleza, ukafinya tena mpaka mfupa ukalia, na harufu ya mafuta ya nazi ikageuka ikawa harufu ya udongo uliofukuliwa, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja wasione boneti, na Lewis akawa anapiga kelele ni nani huyo anayelia, ni nani, ni mtoto wangu, huku namba kwenye dashibodi zikipanda, mia zikawa elfu, elfu zikawa makumi ya maelfu, barabara yote ya Duke na ya Pam ikirudi mahali pake, na sauti ikawa si ya Duke tena bali ya msichana, kisha ya watoto wengi, kisha ya kitu ambacho hakijawahi kuwa mtoto, nayo ikamnguruma sikioni, "Sema hilo moja, na nitakwenda naye milele," na Nyanchera akafumba macho, akasema.

"Duke alikufa, Lewis. Alikufa asubuhi. Tulimzika nyuma ya nyumba."

Lewis akakanyaga breki. Gari likaserereka, likasimama limeelekea mtaroni. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe, na gari likainuka juu ya springi zake kama lililoshusha mzigo wa magunia. Wote wawili waliona vichaka vya chai vikilala kushoto na kulia, mstari mmoja mrefu ukiteremka bondeni, ingawa hapakuwa na mtu anayepita. Kisha mvua ikafunika.

Lewis alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Lini?" akauliza.

"Mwaka juzi."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwa umekwenda kumletea uji. Ulirudi na kikombe."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambieni Tata asikimbize gari, mvua imenyesha."

Lewis aliinamisha kichwa juu ya usukani, na kile kilio kilichokataa mazishini kikatoka. Nyanchera alikuwa ameombea kilio hicho muda mrefu. Hakujua kingekuwa hivi. Kwa kuwa miezi ile yote ya msiba haikumrudia tena. Safari alizikumbuka, ugonjwa aliukumbuka, lakini kifo alikisikia siku ile kwa mara ya kwanza, kutoka kinywani mwa mkewe. Nyanchera alikuwa amekwishaanza kuzoea kidogo, kama mguu unavyozoea kiatu kibovu. Mumewe alikuwa siku ya kwanza.

*

Gari lilikatwa vipande garajini, na vyuma vikaenda kwa wayeyushaji. Mafundi walisema mita ilikuwa imekwama kwenye namba kubwa mno, wakacheka kwamba dalali yule alikuwa mwongo wa ajabu. Lewis hakucheka.

Majirani walisikia. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtu alie msiba uliokwisha kuliliwa. Walikuja tu, wanawake na maziwa na kuni, wanaume na viti, wakaketi uani kama walivyoketi wakati ule. Wazee wa kanisa waliimba tena. Mmoja mmoja walimshika Lewis mkono wakamwambia pole. Nyanchera alipika chai, akawagawia, kama mwenyeji wa kilio cha mtu mwingine.

Walipoondoka, jua likiwa bado juu ya migomba, wawili hao walibaki kaburini. Nyasi zilikuwa zimeota vizuri. Lewis alizitazama kama mtu anayeona shamba la ugenini.

"Siku ile," akasema, "niliimba?"

"Hukuimba."

"Nilitupa udongo?"

"Ulitupa."

"Na wewe, nilikushika mkono?"

Neno moja tu lingempa usingizi. Nyanchera alilihisi tayari ulimini, dogo, tamu, lisilomdhuru yeyote. Akamkumbuka mzee Oyoo na karanga zake.

"Hapana, Baba Duke," akasema. "Ulisimama upande ule. Mimi nilikuwa huku."

Lewis aliukubali ukweli ule kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo begani na kuutafutia mahali. Kisha akazunguka kaburi, akipita kwa uangalifu kwenye nyasi zilizolowa, akaja akasimama upande wa mkewe.